Nina Miaka 34 na Bado Ninasoma Riwaya za Vijana

Swali: Mimi ni mhasibu, nina umri wa miaka 34, na ninaishi South C hapa Nairobi. Tangu nilipokuwa kidato cha pili sijaacha kusoma riwaya za vijana, na mwaka jana pekee nilimaliza zaidi ya 40. Huzisoma ndani ya matatu asubuhi na jioni, lakini siku hizi nafunika kitabu kwa gazeti kwa sababu mwenzangu mmoja wa ofisini alinikuta nacho akaniuliza nitakua lini. Mume wangu hanicheki, ila huuliza kwa nini sisomi vitabu vya maana. Ningependa pia kumwambukiza mapenzi haya binti wa dada yangu mwenye miaka 14, lakini yeye huniambia, "Mama mdogo, vitabu ni vya mtihani." Wewe uliyekaa na vitabu hivi miaka mingi, niambie: raha hii ninayoipata inatoka wapi hasa, na je, ni dalili kwamba sijakomaa?

Jibu: Dada yangu, nianze na hilo gazeti, kwa kuwa limenihuzunisha kuliko swali lenyewe. Mtu mzima anayelipa kodi ya nyumba na kufunga hesabu za kampuni kila mwisho wa mwezi hafai kuficha kitabu kama mwanafunzi anayeficha simu bwenini. Jibu langu fupi ni kwamba la, hujakosa kukomaa. Jibu refu ni kwamba raha unayoipata ina sababu zake, na sababu hizo zimo katika namna riwaya hizi zinavyoundwa, wala si katika upungufu wowote wa anayezisoma.

Kuficha huko, kwanza, hukukuanza na wewe. Kitabu cha kwanza cha Harry Potter kilipotoka Uingereza mwaka wa 1997, watu wazima walikipenda kiasi kwamba mwaka uliofuata mchapishaji wake, Bloomsbury, alitoa toleo jingine lenye picha ya garimoshi kwa rangi nyeusi na nyeupe, maneno ya ndani yakiwa yale yale, ili mtu mzima aweze kukisoma mbele za watu bila kuona haya. Miaka kadhaa baadaye, mwaka wa 2012, kampuni ya Bowker ilichunguza wanunuzi wa vitabu vilivyokusudiwa vijana wa miaka 12 hadi 17 nchini Marekani, ikakuta kwamba asilimia 55 kati yao walikuwa na miaka 18 au zaidi. Kundi kubwa zaidi la watu wazima hao lilikuwa la miaka 30 hadi 44, yaani rika lako, na walio wengi walisema wanajinunulia wenyewe wala si zawadi kwa watoto. Kwa hiyo ukiketi kwenye matatu yako na kitabu chako, una wenzako wengi kuliko unavyofikiri, hata kama nao wamefunika majalada.

Sasa tuje kwenye raha yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba riwaya ya vijana hutambulikana kwa lugha nyepesi, kurasa chache na mambo yasiyo mazito, na wanaosema hivyo kwa kawaida hawajasoma hata moja tangu waache shule. Zipo riwaya za vijana zenye kurasa 500, na zipo zinazozungumzia vifo, vita, ubakaji na njaa bila kupepesa macho. Kinachozitofautisha ni mahali anaposimama msimulizi. Riwaya ya watu wazima inayohusu ujana aghalabu husimuliwa na mtu aliyekwisha kuvuka mto: yuko ng'ambo, nguo zimemkaukia, naye anatuonyesha kwa kidole pale alipozama akanusurika. Riwaya ya vijana husimuliwa kutoka mtoni, maji yakiwa kifuani, na anayesimulia hajui kama ng'ambo atafika.

Wewe ni mhasibu, kwa hiyo nitaeleza kwa lugha ya kazi yako. Katika taarifa zako za fedha kila tarakimu ya mwaka huu huwekwa kando ya tarakimu ya mwaka jana, na ndiyo maana hasara ya mwaka huu haikutishi kupita kiasi: unaona kwamba ilikuwapo nyingine, na kampuni haikufa. Msichana wa miaka 15 hana safu ya mwaka jana. Rafiki yake wa chanda na pete akimsaliti, hana usaliti mwingine wa kulinganisha nao. Akipenda, hana penzi jingine la kumwambia kwamba maumivu haya hupoa. Akifiwa na baba, hajawahi kuona mtu akirudi kucheka baada ya matanga. Kila jambo linamjia likiwa zima, na uzito wake wote unamwangukia yeye peke yake. Mwandishi stadi hutuweka ndani ya kichwa hicho kisicho na safu ya pili, na sisi tuliozoea kulinganisha kila kitu tunakumbuka, kwa muda wa kurasa 200, jinsi dunia ilivyokuwa kabla hatujaanza kuipima. Hiyo ndiyo raha unayoipata ukiwa umekwama kwenye msongamano wa Mombasa Road. Nami nimekuwa nikiipata kwa zaidi ya miaka 20, kwanza nikiwa mkutubi wa rafu ya vijana katika maktaba moja ya hapa Nairobi, kisha nikiwa mwalimu wa fasihi.

Nchini Marekani riwaya za namna hii zilipata sura unayoijua leo zaidi kutokana na kazi ya msichana mdogo. Susan Eloise Hinton, wa mji wa Tulsa, alianza kuandika riwaya yake ya kwanza akiwa na miaka 15 kwa sababu vitabu alivyovikuta havikusimulia maisha ya vijana kama yeye na wenzake walivyoyaishi. Ilipochapishwa mwaka wa 1967 alikuwa na miaka 18. Nalitaja hili kwa sababu linaeleza sauti unayoisikia katika vitabu bora vya aina hii: ilianzia kwa mtu aliyekuwa bado mtoni.

Huku kwetu tulikuwa na njia nyingine ya kumvusha kijana, nayo ni jando na unyago, ambapo mwari hukaa na kungwi akafundishwa mambo ya utu uzima. Nimewahi kusikia wazazi wakisema kwamba riwaya ya vijana inapaswa kuwa kungwi wa siku hizi. Naelewa wanachokitamani, lakini nadhani wamekosea kiti. Kungwi anajua majibu yote kabla ya mwari kuuliza, na riwaya inayoandikwa hivyo huwa ni hotuba iliyovalishwa nguo za hadithi. Tunazo nyingi mno za Kiswahili za namna hiyo, ambamo msichana mtiifu huishia chuo kikuu na mkaidi huishia kaburini, na msomaji wa miaka 14 hutambua kufikia ukurasa wa 10 kwamba ameitwa ili aonywe. Riwaya nzuri ya vijana ni mwari mwenzako. Anaogopa unachokiogopa, anauliza usiku kile usichothubutu kumuuliza mkubwa, na mkitoka humo mnatoka pamoja.

Kuna raha nyingine ambayo humjia tu msomaji wa vitabu vingi, na wewe mwenye vitabu 40 kwa mwaka lazima umeionja hata kama hujaipa jina. Ukisoma kimoja, unafuata kisa. Ukisoma mia, unaanza kuona mikono ya fundi. Chukua jambo moja tu: wazazi wako wapi? Maadamu kuna mtu mzima mwenye busara karibu, kijana hana la kuamua, na kijana asiyeamua hana hadithi. Kwa hiyo kila mwandishi wa riwaya za vijana hana budi kumwondoa mzazi njiani, na msomaji mzoefu hufurahia kuona kila mmoja anavyofanya. Mmoja huwaua, na ndiyo maana mayatima wamejaa kwenye rafu hizi. Mwingine huwapeleka kazini mbali, mwingine huwafanya walevi, na mwingine, mwenye ustadi zaidi kwa maoni yangu, huwaacha mezani wakila chakula cha jioni pamoja na mtoto wao, wasione kitu. Kwetu Afrika Mashariki tumebarikiwa njia ambayo haimhitaji mtu afe, nayo ni shule ya bweni. Kengele, foleni ya uji, sanduku la bati lenye kufuli, viranja, barua inayosomwa na mwalimu kabla ya mwenyewe: ni ulimwengu kamili wa vijana, wenye sheria zake na dhuluma zake, na mzazi huonekana siku ya wageni tu. Barbara Kimenye aliielewa siri hiyo mapema. Vituko vya Moses, mvulana wake wa shule ya bweni, vimesomwa na vizazi kadhaa vya Wakenya, na sijui mtu yeyote aliyevisoma utotoni ambaye hatabasamu akilisikia jina hilo.

Umesema mpwa wako anakuambia vitabu ni vya mtihani. Hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu naamini mtoto huyo ametaja ugonjwa wenyewe.

Kati ya riwaya za Kiswahili zilizopendwa zaidi nchini mwetu ni Siku Njema ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996. Ni kisa cha kijana Kongowea Mswahili anayetoka Tanga akimtafuta baba yake hadi Kitale. Ni riwaya ya vijana kwa kila kipimo nilichokieleza hapo juu: kijana, njia ndefu, mzazi asiyekuwapo, na swali la "mimi ni nani" linalomsukuma kila ukurasa. Lakini Wakenya wengi hawaijui kwa jina hilo. Wanaijua kama kitabu teule, setibuku, kilichosomwa darasani kwa ajili ya karatasi ya fasihi. Ukimtajia mtu wa rika letu, huenda akaanza kukuorodheshea maudhui na sifa za wahusika, kana kwamba bado yupo mbele ya msimamizi wa mtihani. Tumesoma riwaya zetu bora za vijana tukiwa na mwongozo mkononi, tukisubiri kuambiwa "eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne," na wapo waliosoma mwongozo tu wasiifungue riwaya.

Nina nakala yangu ya riwaya hiyo niliyoinunua kwa muuza vitabu vya mtumba aliyekuwa ametandaza mali yake kando ya barabara katikati ya jiji, pale unapoinama kuchagua huku wapita njia wakikupiga vikumbo. Jalada lake limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Pambizoni mna maandishi ya wanafunzi watatu tofauti: mmoja aliandika kwa penseli, mmoja kwa kalamu ya buluu, mmoja kwa kalamu nyekundu. "Tashbihi." "Maudhui: umaskini." "Sifa: mvumilivu." Mwenye kalamu ya buluu ndiye aliyekuwa na bidii kuliko wote, hakuna ukurasa aliouacha bila kupigia mstari. Halafu, kitabu kikiwa kimepamba moto, maandishi yake yanakatika. Unafungua ukurasa wa kwanza usio na wino, wa pili, wa tatu, na unaendelea kufungua hadi karibu kurasa 20, zote safi kama zilivyotoka kiwandani. Kisha unakuta mstari mmoja uliopigwa kwa haraka, na neno "Taharuki." Nimeufikiria usiku huo mara nyingi. Mwanafunzi huyo, ambaye sitamjua kamwe, alisahau kwa kurasa 20 kwamba ana mtihani. Alikuwa anasoma. Kila ninapofundisha walimu wa lugha, hubeba nakala hiyo na kuwapitishia mikononi, nikawaomba wazitafute kurasa zile nyeupe wenyewe.

Mpwa wako hajachukia vitabu, basi. Hajawahi kupewa kurasa nyeupe.

Hofu ya wakubwa nayo imechangia. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, ilipotoka mwaka wa 1971, ilisimulia maisha ya msichana aliyelelewa na baba mkali ambaye hakumruhusu hata kupokea barua ya mvulana, na jinsi ukali huo ulivyomponza alipokuwa mbali na nyumbani. Kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Baadaye ilirudi ikawa kitabu cha kufundishia. Mimi naamini kwamba kilichowatisha wakubwa ni ukweli kwamba kitabu kilikuwa kimekaa upande wa Rosa, kikaona kutoka alipokuwa ameketi yeye, na kumwacha baba aonekane jinsi binti alivyomwona.

Kuhusu mume wako na vitabu vya maana, nitasema kwa ufupi, na nitampa haki yake. Zipo riwaya za vijana dhaifu. Kuna mtindo uliozoeleka mno wa msichana mmoja kati ya wavulana wawili, na kuna hadithi ya kitabu kimoja iliyovutwa ikawa vitatu kwa sababu za kibiashara tu. Wewe mwenyewe umezisoma na unazijua. Ila udhaifu wa namna hiyo umo katika kila rafu, hata ile ya vitabu anavyovisoma yeye. Mpe kimoja unachokipenda kwa dhati, mwombe asome sura tatu, kisha mzungumze. Ikiwa anapenda mambo ya kufikirika yenye mizizi ya Kiafrika, Akata Witch ya Nnedi Okorafor, iliyotoka mwaka wa 2011, ni mahali pazuri pa kuanzia: msichana wa miaka 12 mwenye ualbino, aliyezaliwa Marekani na sasa anaishi Nigeria, anagundua kwamba ana nguvu ambazo jamaa zake hawamwambii habari zake. Akiimaliza, hutahitaji kumweleza maana iko wapi.

Turudi kwa binti. Ushauri wangu unatokana na miaka yangu ya maktaba, na wa kwanza ndio mgumu kuliko yote: usimuulize kitabu kinahusu nini. Swali hilo, hata likiulizwa kwa upendo, humrudisha darasani. Usimuulize amefika ukurasa gani, wala amejifunza nini. Ukitaka kuzungumza, mwambie wewe umekasirishwa na mhusika fulani, ukome hapo. Mruhusu pia aache kitabu katikati. Nimeona vijana wengi waliokata tamaa ya kusoma kwa sababu walilazimishwa kumaliza kitabu cha kwanza kilichowachosha. Kama anapenda Kiingereza zaidi, asome Kiingereza, na Kiswahili kitamfikia kupitia kisa kitakachomnasa.

Mpeleke mahali penye vitabu vingi umwache achague mwenyewe. Maktaba ya McMillan pale Banda Street ilifunguliwa mwaka wa 1931, na wakati wa ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwambie hivyo mkiwa mnapanda ngazi zake, kisha mnyamaze. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa miaka ya karibuni, na ni mahali pa utulivu pa kukaa Jumamosi nzima. Mwezi wa Septemba kuna Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambayo kwa miaka mingi yamefanyika Sarit Centre, na humo kijana huona jambo ambalo shule haimwonyeshi, kwamba vitabu huandikwa na watu walio hai, wanaotembea na kunywa chai. Na kama mfuko ni mwepesi, mpe noti ya shilingi 200 mkapite kwa wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara. Mwache ainame. Jalada litakalomvutia huenda likakukera; lipia bila kusema neno.

Jambo la mwisho ni la vitendo. Binti huyu amekuona ukifunika kitabu kwa gazeti, au atakuona siku moja, na mtoto wa miaka 14 huelewa upesi sana ni nini ambacho mkubwa anakionea haya. Kwa hiyo siku atakapokuja kulala kwako, soma ukiwa sebuleni, jalada likionekana, na ukifika mahali panapokuchoma moyo usijikaze. Akiuliza kuna nini, msomee ukurasa huo mmoja tu kwa sauti, kisha urudi kwenye usomaji wako kimya. Ila ukinunua kitabu cha kufanya hivyo, nunua nakala mbili. Nilipofanya hivi nyumbani kwangu nilikuwa na moja tu, na kufikia saa tano ya usiku nilikuwa nikigonga mlango wa chumba cha binti yangu nikiomba nirudishiwe kitabu, naye akinijibu kutoka ndani kwamba amebakiza sura mbili.